Alasiri Niliyogeuza Kurasa za Piano

Naikumbuka alasiri moja pale Diani, mwanangu, ambayo hata leo nikiisimulia nashusha pumzi. Jana ulinipigia simu kutoka Ukunda ukilalamika: umeanza kusikiliza muziki wa klasiki, wenzako wanataja majina ya watunzi, nawe unaitikia tu kana kwamba unawajua. Kuitikia huko nakufahamu.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimetoka kwetu Waa, mhudumu wa chumba cha kulia katika hoteli ambayo siku hizi haipo. Mama mmoja wa Kizungu, mkaazi wa Diani wa miaka mingi, alikuwa awapigie wageni piano. Nilipokuwa nikipanga viti, aliniuliza kama naujua muziki wake.

"Naujua sana, mama," nikajibu. Nilitaka tu asinione mshamba.

Ilipofika saa tisa, mtu aliyekuwa amgeuzie kurasa za kitabu cha nota akashikwa na homa. Yule mama akanijia moja kwa moja. "Bahati nzuri wewe unajua. Utakaa kando yangu unigeuzie."

Nikakitazama kile kitabu. Vitone vyeusi juu ya mistari, sioni hata pa kuanzia! Nikakimbilia jikoni kwa Mzee Salimu, mkuu wetu wa wahudumu, mtu wa Msambweni.

"Shikamoo, mzee. Nimesema uongo." Nikamweleza yote.

"Marahaba. Sasa hapa wangoja nini?"

"Naogopa nitafukuzwa kazi."

"Huenda. Lakini ukigeuza vibaya mbele za watu, atakayeaibika ni yeye, naye hakukukosea kitu. Nenda ukamwambie kabla hajakaa."

Nikaenda. "Mama, niwie radhi. Sijui hata nota moja."

Alinikazia macho, kisha akacheka hadi akajifuta machozi. "Basi nitainamisha kichwa, nawe ugeuze. Nitazame mimi, nota ziache."

Wallahi, nilihisi gunia limenishuka mgongoni. Nikaketi, nikamtazama mikono, mabega, hata pumzi zake. Na kwa kuwa nilikingoja kichwa chake, sikupata nafasi ya kujifanya. Katika kipande cha pili nikasikia kijisauti cha mkono wa kushoto, kile kile kilichokifungua kipande, kikirudi polepole zaidi, kama mtu anayerudia neno lililomuuma. Kiliporudi mara ya tatu machozi yakanilenga, wala hakuna aliyekuwa amenifunza kitu. Kurasa mbili zilishikana, kweli. Akapiga kwa kukumbuka tu mpaka nikazibandua.

Kwa hiyo, mwanangu, wakikuuliza, sema hujui. Hilo kwanza, na ndilo gumu. Kisha chagua kipande kimoja kifupi, ukisikilize wiki nzima, simu umeilaza kifudifudi. Fuata ala moja tu, fidla au piano, uone inakwenda wapi na inarudi lini. Majina ya watunzi yatakuja yenyewe. Kipande kisipokugusa, kiache bila kuona haya. Mimi vingine mpaka leo vinanisinzisha. Na ukibahatika kukaa karibu na mpigaji, tazama anavyovuta pumzi.

Mwenyezi Mungu akujaalie masikio yenye subira na ulimi usioona aibu kuuliza, na kila utakachokisikia kikuongezee utulivu. Amin, mwanangu.