Oili Nzito ya Mke wa Fundi

Mume wangu ni fundi wa shokapu. Ukisikia hivyo utafikiri ni za malori, na mama mkwe wangu aliendelea kufikiri hivyo mpaka siku alipokuja kututembelea akamkuta mwanawe, mtu mzima na mvi zake, amepiga magoti sebuleni akipandisha kigari chenye ukubwa wa kuku juu ya mito ya makochi. Mama alikula, akashukuru, akaenda zake, kisha akampigia simu binti yake mkubwa kumuuliza kama mdogo wake yuko sawa.

Yuko sawa. Magari yenyewe ni yale ya rimoti ya kupanda mawe, na wenye nayo ni watu wazima wenye akili zao, angalau siku za kazi. Hayakimbizani. Yanapanda majabali polepole, yakipita kati ya vigingi viwili viwili, na anayegusa vigingi vichache na kupinduka mara chache ndiye mshindi. Kila gurudumu lina shokapu yake, haizidi kidole changu kwa urefu, nje springi, ndani pistoni na oili. Ukitia oili nyepesi, gurudumu linashuka upesi na kulifuata jiwe. Ukitia nzito, linakwenda kwa uvivu, na gari halirukiruki hata dereva akilikurupusha. Kazi ya mume wangu ni kujua nani apewe ipi.

Na anajua, simnyimi haki yake. Mteja akifika barazani kwetu, Fundi hashughuliki na gari kwanza. Anamwambia mwenyewe ashike rimoti, alipandishe gari lake kwenye rundo la mawe na matofali yaliyo kando ya ngazi, halafu anakaa juu ya ndoo ya rangi na kutazama kidole cha shahada, kile kinachovuta triga ya mwendo kwenye rimoti. Ukimsemesha hapo hakujibu. Akimaliza, kamjua mtu. Mwenye duka la vitambaa aliambiwa kwamba anavuta kwa woga, akakiri palepale, tena akaongeza na mambo mengine ya nyumbani kwake ambayo hakuna aliyemuuliza. Kinyozi ana mkono mtulivu. Hilo halikuhitaji fundi, kwa sababu masikio yetu yote bado yapo.

Mimi pia nina gari langu, na nimefungiwa oili nzito na springi ngumu tangu mchezo huu ulipoingia mtaani. Wakati ule nilistahili, sibishi. Nilikuwa mtu wa kukurupuka: nikiosha vyombo lazima kimoja kife, nikifunga mlango kitasa kinabaki mkononi. Fundi aliniangalia kidole siku hiyo akacheka mpaka akateremka kwenye ndoo. Akasema, "Mke wangu, wewe hata tukikutilia asali utaikimbiza." Nikacheka naye, maana ilichekesha. Tangu siku hiyo hajaniangalia tena.

Baadaye mama yangu mzazi aliugua akahamia kwetu, chumba cha nyuma. Hakuweza kumeza vizuri. Unampa kijiko, unasubiri koo lishuke, unasubiri tena, ndipo unampa kingine. Ukiharakisha, anapaliwa. Mara ya kwanza alipopaliwa mikononi mwangu nilidhani nimemuua, nikaketi sakafuni nikalia huku yeye ananibembeleza kwa macho. Basi mkono wangu ukajifunza. Nilimlisha hivyo asubuhi, mchana na jioni mpaka Mungu alipomchukua, na haraka yangu ikaenda naye. Siku hizi vyombo vyangu ni vizima. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu vyombo vizima havina kelele.

Sasa naomba nieleweke. Kombe silitaki, ni la bati, na aliyelishika mwaka jana anatilia misumari. Nilichotaka ni mume wangu akae kwenye ndoo yake aniangalie mimi kama anavyomwangalia mwenye duka la vitambaa. Ni hilo tu, na lilikuwa linaniuma kuliko nilivyokuwa tayari kulisema.

Ikaja siku ya mashindano, kwenye kiwanja cha mawe nyuma ya pale wanapofyatua matofali. Zamu yangu ilipofika nilikwenda taratibu mno, hata mwamuzi akapiga miayo. Kwenye jiwe la mwisho, jiwe dogo la aibu, kulikuwa na kishimo. Gurudumu la mbele lilipaswa kuteremka humo likanyage. Halikuteremka. Lilibaki linaning'inia hewani, gari likaegemea upande, likalala chali mbele za watu.

Fundi alikuwa chini ya turubai, ametupa mgongo, anamfungia mtu shokapu. Aliposikia watu wamesema "Aaah!" akapaza sauti bila kugeuka, "Haraka haraka haina baraka, mama watoto!"

Kiwanja kizima kikacheka. Kinyozi peke yake hakucheka. Alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, mbona umekwenda taratibu vile na bado umeanguka?"

"Muulize fundi wangu."

"Ndiyo yale, kinyozi hajinyoi," akadakia mwenye duka la vitambaa.

"Mimi najinyoa mwenyewe kila asubuhi," Kinyozi akasema, na alikasirika kwelikweli. Ilibidi watu wamtulize.

Nyumbani nikamwambia Fundi, "Ile oili yangu ni nzito mno."

Alikuwa anakula. "Inakufaa."

"Hainifai. Gurudumu halishuki."

"Mke wangu, mimi nakujua. Nikikupa nyepesi utaruka nalo mpaka kwa jirani."

"Unanijua?"

"Ala! Nisikujue wewe nimjue nani?"

Akaomba aongezewe mchuzi. Nikamwongezea. Kumnunia mtu kama huyu ni kazi bure, kwa sababu kimya changu yeye hukiita amani. Nilinuna wiki ile nzima, na siku ya Ijumaa akanisifu kwamba siku hizi nyumba ina utulivu.

Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja. Wanapanga foleni kutoka barazani hadi kwenye bomba la maji, kila mmoja amekumbatia gari lake. Nilivaa viatu, nikachukua gari langu na rimoti, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba na kusimama mwisho wa foleni. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa Kinyozi. Aliponiona akataka kunipisha.

"Usinipishe," nikamwambia. "Nimekuja kama watu wote."

Tulisogea kidogo kidogo. Fundi aliponigundua alinyanyua bisibisi akanipungia nayo. "Unapanga foleni ya nini kwako mwenyewe? Pita ndani!"

"Nasubiri zamu yangu."

"Zamu gani?"

"Ya mteja."

Watu wakaanza kutabasamu wakiangalia viatu vyao. Fundi akatabasamu pia, akidhani ni mzaha, akaendelea na kazi. Alimhudumia Kinyozi. Halafu nikawa nimesimama mbele yake, na mzaha haukuisha kama alivyotegemea. Nikaweka gari langu chini, kwenye jiwe la kwanza.

"Haya, mama," akasema kwa sauti anayotumia kwa wageni. "Gari linakusumbua wapi?"

"Sitakwambia. Angalia kidole."

"Kidole chako nakijua."

"Fundi," nikasema, "hawa wote umewaangalia. Niangalie na mimi."

Akaketi kwenye ndoo. Nikavuta triga kidogo, nikasubiri. Gurudumu likagusa jiwe. Nikasubiri likae, nikavuta tena kidogo. Gari lilipanda hivyo, kwa kusubiri, mpaka kwenye matofali, na pale likaning'iniza gurudumu na kulala chali kama siku ile. Sikumtazama Fundi usoni.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Likaanguka palepale.

"Rudia."

Mara ya tatu alikuwa ameinama mpaka kichwa chake kinakaribia mkono wangu. Lilipoanguka hakusema rudia. Alikishika kile kidole, akakigeuza huku na huku, mbele za watu, na sisi si watu wa kushikana mikono mbele za watu.

"Huu si mkono wako," akasema.

"Ni wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Mama aliposhindwa kumeza."

Fundi akalichukua gari, akafungua shokapu zote nne, akazimimina moja baada ya nyingine kwenye kopo. Oili ile ilikuwa nzito kweli, ilishuka kwa uzi mrefu usiotaka kukatika.

"Ile miaka yote unamlisha," akasema, "mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapahapa. Ulikuwa unaangalia vidole vya watu."

Sikusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini alipokea kama mtu aliyemwagiwa maji, akafuta macho kwa kitambaa chenye oili, macho yakazidi kumwasha, ikabidi nimshike kichwa nimfute kwa upindo wa kanga. Nyuma yangu, kati ya waliofika baada yangu, mtu mmoja akakohoa kukumbusha kwamba foleni ipo.

"Rudini Jumamosi ijayo," Fundi akasema bila kuwaangalia. Akaliweka gari langu chini, limelala kwa tumbo kwa kuwa halina kitu cha kulinyanyua, akanirudishia rimoti.

"Endesha tena."

"Shokapu umezitoa zote. Halitakwenda popote."

"Najua," akasema. "Endesha tu, nikuangalie."

Nikavuta triga. Magurudumu yakazunguka polepole bila kwenda kokote, na mume wangu akanitazama, kidole kwanza, kisha uso. Wateja wakakumbatia magari yao wakaanza kuondoka, na hakuna aliyekumbuka kuwaaga.