Jua la Miguuni mwa Da Zuhura

Sisi tuliokulia Mji wa Kale miaka ya tisini tulichezea kitu cha bure kabisa: jua. Kila mtoto alikuwa na kipande chake cha kioo. Harufu ya viazi karai imetanda uchochoroni, nasi twawamulika machoni wenye maduka ya Ndia Kuu. Tutukanwe, tukimbie, turudi.

Mwaka alioumwa dada yangu, Da Zuhura, mchezo ukawa kazi. Kifua kilimlaza chumba cha ndani kisicho na dirisha. Akisimamishwa tu, pumzi yakatika. Kumtoa nje haikuwezekana. Miguu yake ilikuwa baridi kama sakafu. Siku moja akasema, "N'leteeni juwa, japo la miguuni."

Basi tukajipanga kwenye baraza ya mkabala, palipofika jua la mchana, tukaelekeza vioo mlangoni, ukumbini, mpaka kitandani. Ukikiinamisha kioo kidogo tu, nuru yaruka maradufu.

"Machoni tena! Kwani mimi samaki ng'onda wa kuanikwa?" Da Zuhura akacheka, akakohoa, mama akatufukuza.

Binamu yangu Athumani alikuwa ametoka shule na neno jipya, fokasi. Akaleta kioo cha kunyolea cha babake, kile kilichobonyea kinachokuza uso. "Hiki chakusanya juwa pamoja. Vyenu bapa vyarudisha tu."

Kweli kilikusanya, lakini hapo hapo mbele yake. Kikamchoma kiganja, akaruka. Ikishapita pale ilipokutana, nuru ilitawanyika, na kitandani ikafika imepauka.

"Athumani, fokasi yako yaishia mlangoni," dada akasema. "Rudisheni vile bapa. Vyote, pamoja."

Tukaita watoto wa uchochoro mzima. Kila mmoja akaweka doa lake la jua juu ya la mwenzake, mpaka dada akasema, "Sasa nasikia moto." Akalala.

Kesho yake tulikuwa tushajipanga, jua limetufikia, mama akatoka. Kwetu nyumba ikifiwa, vioo hufunikwa. Hakulia. Alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Vifunikeni, wanangu."

Hatukuwa na kitambaa. Tukavibana vifuani.

Watoto wa siku hizi kioo chao ni cha simu, wajitazama nyuso. Mgonjwa wamtumia picha ya ua, basi, wameshamzuru. Siwalaumu, wallahi. Chumba kile nacho sasa kina taa ya umeme, nyeupe, yafika kila pembe. Yawaka yenyewe. Haihitaji mtoto wa kusimama nje kuishikilia.