Orodha Niliyomsomea Bosi

Kila Desemba, ikifika tarehe ishirini hivi, ofisi yetu pale Themi ilibaki na mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi. Wenzangu wote walikuwa watu wa Kilimanjaro, na Mchaga asipokwenda kwao Krismasi ujue anaumwa. Mimi ni Mmeru. Kwetu ni juu ya Tengeru, mwendo wa saa moja na ushee ukihesabu na kupanda kwa miguu. "Dada, wewe kwenu si hapo tu," waliniambia huku wakifunga mabegi, na mimi nikabaki na funguo. Mama aliniuliza kila mwaka inakuwaje mtoto anayeishi karibu kuliko wote ndiye anayefika wengine wameshakula na kunawa mikono.

Ilikuwa ile miaka soko huria limeshakolea. Duka la ushirika kijijini kwetu lilishafungwa, na kuanzia Kisongo hadi Tengeru kila njia panda ilikuwa na duka la mtu binafsi la mbegu na dawa za mifugo. Sisi tuliwatengenezea wenye maduka programu ya kutunza stoo. Kazi yetu yote ilihifadhiwa kwenye seva moja iliyokuwa nje ya nchi, sikuwahi kujua nchi gani. Kila mmoja wetu alikuwa na tawi lake mle, mahali pa kuweka kazi ambayo haijakamilika bila kuvuruga ya wenzake. Kazi ikishapelekwa kwa wateja tuliibandika lebo, yaani jina la kudumu, ili hata ikipita miaka tuweze kuirudia vilevile ilivyokuwa.

Mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Kuvuta kazi yote kutoka kule kulikula asubuhi nzima, lakini kuuliza majina tu ilikuwa amri moja fupi: seva inakutajia matawi iliyo nayo, kisha lebo, basi. Kuuliza huko kulikuwa kazi yangu. Kabla mwaka haujaisha nilipata orodha, nikamsomea bosi kwa simu akiwa kwao Machame, naye akaniambia matawi ya kufuta. Lebo hakuzigusa kamwe, alisema hizo ni za wateja. Kwa njia hiyo nilijua kabla ya wengine nani hatarudi Januari. Bosi wetu alikuwa mpole, mtu wa kanisani, hakuweza kumtazama mtu usoni akamwambia kazi imekwisha. Mtu alirudi kutoka sikukuu, akatafuta tawi lake, akalikosa, akaelewa. Nilichukia sana utaratibu ule, na niliutekeleza miaka minne.

Mwaka wa nne zamu ilimfikia kaka mmoja wa Rombo aliyekaa meza ya pembeni yangu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipoanza nilikuwa najua kuchapa barua tu, naye alinielekeza kitu kimoja mara tano bila kunicheka. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na kila alipomuuliza bosi alijibiwa "tutaona". Basi akajifungia na kazi ambayo wenye maduka walikuwa wanaililia: programu iendelee kuuza hata mtandao ukikatika, halafu ipeleke hesabu ukirudi. Miezi miwili alikuwa nayo. Siku ya kuondoka alikuwa anaituma kwenye seva umeme ukazimika. Mke na watoto walikuwa chini kwenye gari, wanapiga honi. Akaondoka bila kujua kama imefika.

Siku mbili kabla ya Krismasi, saa nne asubuhi, nilimsomea bosi orodha.

"La huyo wa Rombo lifute," akasema. "Na mashine yake isafishe, ina mtu mpya Januari."

"Bosi, kuna ile kazi ya mtandao ukikatika, iko—"

"Najua. Na wala usimwambie. Mwache ale sikukuu na wazazi wake kwa amani."

Nilianza na mashine, nikaifuta yote. Nilikuwa naifunika ili nirudi kwenye tawi, simu ikaita. Ni yule kaka wa Rombo.

"Dada, nimepanda mpaka juu ya shamba la mzee ndiyo nimepata mtandao. Niangalizie, ile kazi ilifika?"

Nikaita orodha. Tawi lake lilikuwa la tatu kutoka juu. Alinisomea herufi za mwanzo za namba ya kazi yake, ile ambayo seva huiweka mbele ya kila jina kwenye orodha; aliziandika kwenye karatasi kabla umeme haujazimika, na zilifanana na zile nilizokuwa nazitazama.

"Imefika, kaka."

"Ubarikiwe sana," akasema. Akaanza kuongeza kitu, akakiacha, akanitakia sikukuu njema.

Nilikaa pale na orodha yangu. Nilijua la kufanya. Lebo moja tu, mstari mmoja wa kuandika, na kazi ingebaki hata tawi likifutwa, na bosi asingegundua. Lakini mkataba wangu mwenyewe ulikuwa unaisha Machi. Tena nilikuwa nimechoka, nimechoka na mwaka mzima, na Mama alikuwa ananisubiri. Nikafuta tawi. Nikaita orodha tena kuhakikisha, nikafunga ofisi nikaenda zangu Tengeru.

Januari yule kaka alikuwa wa kwanza kuingia, ameshika mfuko wa ndizi mbivu ambao mama yake alimpa aniletee. Aliona mashine yake ni tupu. Akaomba kukaa kwenye yangu, akaita orodha, akasoma matawi yote. Nilidhani ataishia hapo kama walivyoishia wengine. Yeye akateremka kwenye lebo, akazisoma moja moja kwa kidole mpaka ya mwisho. Akaita orodha upya, akazisoma tena.

"Huku chini hakuna yangu?"

"Hakuna, kaka."

Aliondoa mkono kwenye meza.

"Kufukuzwa nilijua tangu Novemba," akasema. "Wala sikukupigia kuuliza hilo. Nilitaka tu ile kazi ibaki, nione wenye maduka wanaitumia. Nikaona aibu kukuomba waziwazi, usije ukapata matatizo na bosi. Nikasema huyu nimemfundisha mimi, akiona imefika ataibandika lebo."

Nilimwambia siku ile nilikuwa nimechoka. Akaitikia kwa kichwa, akauliza kama nina kisu, tukate zile ndizi tule.