Bahasha Aliyoniwekea Baba

Kazi yangu ni kutazama galaksi za mbali zenye kitone kimoja katikati, kidogo sana, kinachotoa mawimbi ya redio kwa nguvu ya ajabu. Twajiuliza: ni kidogo kwa kuwa bado kichanga, au kimezibwa na gesi kikashindwa kukua? Redio peke yake haitoi jibu, ndiyo maana twatumia eksirei zinazonaswa na darubini iliyo angani. Zile dhaifu zikikosekana, gesi nzito imezizuia njiani.

Haya yote nilimweleza baba kwa simu kutoka Nairobi, kujisifu tu. Baba ni mpishi mstaafu wa hoteli moja ya Diani. Nikamwambia nasoma eksirei za vitu ambavyo jicho halivifikii. Akasema mashallah. Hakuniambia kwamba anakohoa.

Nilipofika nyumbani Msambweni kwa likizo, hata viatu sijavua, mama akatoa bahasha kubwa chini ya godoro. Ndani mlikuwa na picha ya eksirei ya kifua cha baba. Aliambiwa hospitali aipeleke kwa daktari siku ileile. Wiki tano zilikuwa zimepita na bahasha haijafunguliwa.

"Baba, mbona hukurudi?"

"Nirudi kwani sina mtu? Mwanangu ndiye fundi wa eksirei. Nikasema nikungoje wewe."

Nikaiinua picha dirishani. Chini, upande wa kushoto, palikuwa peupe. Ingekuwa galaksi ningesema neno. Mapafu siyajui, wallahi, na jinsi walivyonikodolea macho wote wawili nilitamani nisingesoma kabisa.

"Baba, mimi hii siijui."

Akacheka. "Sema tu, mwanangu. Mimi mtu mzima, usinifiche."

"Sikufichi. Siijui."

Akaacha kucheka. Mama akaichukua picha mikononi mwangu, akairudisha taratibu ndani ya bahasha.

Kesho yake nikampeleka hospitali. Daktari aliitazama picha kidogo tu. Akasema maji yamejaa kandokando ya pafu, na chanzo chake kilitakiwa kutafutwa tangu siku ile. Akauliza, kwa upole, kwa nini tumekaa muda wote huo.

Nilitaka kusema ni mimi, ni majivuno yangu. Baba akaniwahi.

"Nilisahau, daktari. Uzee huu."

Nami, kwa aibu, nikamwacha aonekane mzembe.