Mkorosho Nilioufunga Waya

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika kwenye nywele sitaki mtu anikatishe. Aibu hii niliipata nyumbani kwetu Nachingwea, mbele ya wakwe wa dada yangu, na ilianzia kwenye bakuli la udongo.

Nilikuwa nimemaliza chuo nikarudi nyumbani, kazi sina, maswali ninayo. Bibi akisema usifagie usiku, namuuliza umejuaje. Mama akisema fulani karogwa, namuuliza ushahidi uko wapi. Mtu wa namna hiyo akikaa bure hutafuta kitu cha kufanyia majaribio, na mimi nikaangukia kwenye maua ya ndani, nikayaua karibu yote. Hata kaktasi (mmea wa jangwani, jamani!) niliimwagilia mpaka ikaoza, ikalala kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Nyuma ya jiko pakajaa makopo yenye vijiti vikavu, na dada yangu Somoe akapaita makaburini. Ua pekee lililostawi sebuleni lilikuwa la mama, la plastiki.

Ndipo nikaona kwenye simu video ya bonsai, mti wa kawaida kabisa unaolelewa kwenye bakuli, ukipunguzwa mizizi na kuzungushiwa waya, mpaka unazeeka ukiwa na kimo cha chupa ya soda. Nikajiuliza, kwetu huku mti gani? Mkorosho, bila shaka. Nikaotesha korosho, mche ulipokomaa kidogo nikauhamishia kwenye bakuli, nikauviringishia waya wa shaba niliounyofoa kwenye feni mbovu, na kwa kuwa ulikuwa unayumba nikaufunga shinani kwa kitambaa chekundu (ndicho kilichokuwepo). Na ukaishi! Asubuhi nilikuwa nauangalia kabla sijanawa uso.

Sasa ikafika siku ya posa ya Somoe. Mjomba alikuja kutoka Lionja mapema, maana kwetu binti haozwi bila mjomba kuwepo, na wageni walikuwa wanatoka Mandawa, kule Ruangwa: mshenga, wazee wawili na shangazi wa kijana. Somoe alikuwa amemsubiri kijana huyo muda mrefu, na wazee wake walikuwa wazito, wanataka kwanza waione nyumba anayotoka huyu binti. Kwa hiyo ilikuwa siku ya nyumba kuonekana. Nami nikafanya uamuzi mmoja mdogo: nikaondoa ua la plastiki mezani, nikaweka mkorosho wangu.

Wageni wakakaa, wakapewa chai, mshenga akaanza maneno yake mazuri ya kutafuta jiko, kisha nikaona sauti inapungua, macho yake yako mezani. Shangazi ndiye aliyeuliza.

"Huo mti mmeufunga kwa nini?"

"Hiyo ni bonsai, shangazi," nikasema kwa furaha, maana nilidhani nimepata msikilizaji.

"Sijauliza jina lake. Nimeuliza kwa nini umefungwa."

"Ili usikue."

Nilijisikia nikilitamka na bado sikuweza kulirudisha. Mkorosho usikue! Nawaambia hilo watu wanaoishi kwa korosho, kwenye nyumba yenye binti anayeposwa, na kitambaa chekundu kiko shinani. Mshenga akaweka kikombe chini. Shangazi akauliza polepole, "Na binti yetu naye asizae?"

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi ni mtu wa ushahidi, nikasema, "Wazee wangu, humu hamna uganga wowote, subirini niwaonyeshe," nikavuta sinia, nikalipindua bakuli.

Ukamwagika udongo. Yakafuata maganda ya mayai. Ikafuata misumari yenye kutu, ikilia kwenye sinia, ngringi, ngringi. Mwisho likaanguka fundo la nywele ndefu nyeusi.

(Video ilisema maganda ni chokaa, misumari inatoa madini ya chuma na nywele ni mbolea. Mimi ninayemuuliza hata bibi yangu "umejuaje", video sikuiuliza.)

"Nywele za nani?" akauliza shangazi.

"Za Somoe," nikajibu, na msiniulize kwa nini nilichagua wakati huo kuwa mkweli.

Mzee mmoja tayari alikuwa anatafuta viatu mlangoni. Mjomba akaniangalia kama ndiyo kwanza tumejulishwa. "Mpwa wangu," akasema, "umetumaliza."

Pazia likafunguka. Somoe, ambaye hakutakiwa kuonekana kabisa mpaka aitwe, alitoka na macho mekundu, akawaamkia wote, akapiga magoti mbele ya sinia, akaliokota lile fundo.

"Shangazi, shika mwenyewe. Hizi ni rasta za dukani. Nilifumua nikatupa, huyu akaokota."

Shangazi akazisugua kati ya vidole, akaomba kiberiti, akachoma ncha. Haikunuka nywele, ilinuka mfuko wa plastiki, ikayeyuka ikawa kipunje cheusi kigumu. Sote tukakitazama.

"Twendeni nyuma ya jiko," akasema Somoe, na watu wazima wale wakaandamana naye mpaka makaburini. Akaanza kupindua makopo, moja baada ya jingine: misumari, maganda, rasta. "Na kwa kopo hili alikuwa anamfunga nani? Na hili? Na kaktasi hii?"

Shangazi akaangalia ule mstari wa vijiti, akaniangalia mimi, mabega yakaanza kumtikisika. "Haya, mganga gani huyu," akasema, "hata ua moja halimtii!" Mjomba akacheka mpaka kofia ikadondoka, na yule mzee akaenda kurudisha viatu vyake mlangoni.

"Lakini mti ufunguliwe," akasema shangazi. "Aufungue aliyeufunga. Ndipo tutaendelea na maneno."

Nikafungua waya na kitambaa mbele yao wote, nikauzika mche wangu uani na mizizi yake mifupi, nikiwa na hakika unakwenda kulala na wenzake. Ndani posa ikapokelewa, na ua la plastiki likarudi mezani.

Somoe sasa yuko Mandawa, na mkorosho umenifika kiunoni. Nimeapa sitaweka tena jaribio langu mbele ya wakwe, na sasa hata video naiuliza umejuaje. Shangazi akija Nachingwea huwa anapitia uani kwanza, anautikisa mti, ndipo anaita, "Mganga, wagonjwa hawajambo?"

Juzi alikuta bakuli jipya dirishani, mche wa mkwaju, hauna waya bado. Alichomeka kidole kwenye udongo mpaka chini, akazungusha, akatafuta, akakitoa.

"Huyu salama," akasema, akaingia ndani kunywa chai.