Kamera Ndani ya Khanga

Mama yangu aliuza vyungu soko la Majengo, pale Dodoma mjini, na kitu chochote kipya kilichoingia nyumbani kwetu mtaa wa Kikuyu alikipima kwa namna moja: alikigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hukoroma. Redio alizigonga, masufuria mapya aliyagonga akayacheka. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kitu kinaingia, na vingi vilivunjika hata hujavizoea.

Basi mjomba, mdogo wake mama, aliporudi safari ya kikazi na kamera ya dijitali, asubuhi ile ile ya sherehe ya kumuaga dada yangu, nilijua itagongwa tu. Mimi niliwahi kuishika kabla yake. Ilikuwa ndogo kama sabuni ya kuogea iliyotumika wiki, lakini nzito! Bati lake la kijivu lilikuwa la baridi, pembe zimelainishwa, na pale vipande viwili vilipokutana nilijaribu kupitisha ukucha, wapi! Nikabonyeza kitufe. Jicho likajitokeza lenyewe, pete ndani ya pete, likasimama. Nikapiga yowe. Jamani, binadamu mwenye vidole kama hivi vyangu ndiye aliyekaa chini akakitengeneza hiki?

Mama hakupiga yowe. Alitaka picha moja tu. Kwenye harusi ya dada yetu mkubwa, mpiga picha alifungua mfuniko wa kamera juani, filamu yote ikaungua. Baadaye malaria ikamchukua dada yule, na picha yake hatuna hata moja. Sasa huyu wa pili alikuwa anaolewa Bukoba, mbali kweli kweli.

Tulipotoka nje uani, kamera ikaniponyoka. Ikapiga sakafu ya saruji, ikadunda, ikabiringika vumbini. Mungu wangu! Mjomba akashika kichwa. Mama ndiye aliyeiokota. Akaipuliza vumbi, akaigonga, akatega sikio.

"Nzima," akasema.

Nikabonyeza, na kweli jicho likatoka. Pembeni palibaki mkwaruzo mdogo tu. Nilitaka kuibusu.

Mjomba akawapiga picha mama na dada, bega kwa bega. Kabla hajaigeuza atuonyeshe, mama akaipokonya, akaifunika kwa khanga yake.

"Msiifungue juani! Mtaniunguzia mwanangu tena!"

"Dada, hii haina filamu," mjomba akacheka. Kisha akaona mama anavyoikumbatia kifuani, akaacha.

Nikainama, nikaingia na mama ndani ya khanga, nikabonyeza pale mjomba aliponionyesha. Kwa jua lile la Dodoma kioo kisingeonyesha kitu, lakini mle gizani kiliwaka. Dada huyo, anacheka meno yote nje. Mama akamtazama weee. Kisha akaugonga ule uso kwa kifundo cha kidole, taratibu, akatega sikio.

Nje, dada akaita: "Mama! Wageni wanafika!"

"Abee, mwanangu," mama akaijibu ile picha.