Yule Aliyevaa Viatu

Mama alifariki mimi nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo sura yake naijua kwa picha moja tu, iliyobandikwa kwenye kadi ngumu, ya studio moja ya zamani hapa Tabora. Wamepigwa wawili, yeye na shoga yake, khanga sare. Mmoja amekaa, mwingine amesimama. Mimi nikajichagulia huyo aliyekaa, maana anatabasamu. Tangu mke wangu aondoke duniani, kila asubuhi namwamkia, "Shikamoo mama," ndipo ninywe chai. Nyumba ikiwa kimya namna hii, mtu utaongea hata na sufuria.

Juzi nikaipeleka picha hiyo Urambo kwa dada yangu, maana ndiye pekee aliyebaki anayemkumbuka mama. Hilo basi lenyewe tuliache, nilipakatishwa gunia la mtu safari nzima. Kufika, kumbe dada siku hizi haoni kabisa. Akaipapasa kadi, akauliza, "Nani kavaa viatu?"

"Huyu aliyekaa."

"Basi huyo ni shoga yake. Nilikuwepo. Mpiga picha alikuwa na jozi moja ya kuazima wateja, mguu wa mama ukagoma kuingia. Mguu kama wako huo, kitindamimba!" Akacheka mpaka akakohoa.

Leo asubuhi nimemwamkia yule aliyesimama pekupeku. Anaangalia pembeni, nadhani kwa mpiga picha aliyesimama kando ya kamera. Nimekaa naye muda mrefu, na sijapata la kumwambia, kama watu tusiojuana.